Mguu Ulioingia Kwenye Albamu

"Sitaki hela! Nimeshasema, sitaki hela. Nirudishieni mguu wangu niende zangu!"

Fundi alikuwa amesimama katikati ya jukwaa la watu, gauni jeupe la muuguzi likining'inia mkononi mwake kama kuku aliyekwisha kunyongwa. Vijana wanne wa bendi walikuwa wamemzunguka, kila mmoja akimtazama mwenzake aone nani atajibu. Mtu akikudai hela unampa, au unamkimbia. Akikudai mguu unamfanyaje?

"Mama Mdogo, mguu si huo umeusimamia?" akasema Redio, yule binti mwimbaji. Jina hilo walimpa kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa.

"Huu ni wa kutembelea. Mimi nasema ule wa kazi."

"Kwani ni tofauti?"

"Kijiko! Mwambie mwenzako anyamaze kabla sijamshona mdomo, tena kwa uzi wa jinzi."

Kijiko, mpiga ngoma, alikuwa mtoto wa dada yake. Akaweka chini vijiti vyake polepole, kama mtu anayekaribia mbwa asiyemjua. "Mama Mdogo, kaa kwanza. Tukuletee maji."

"Maji yatanishonea?"

Wapiga magitaa wawili waliosalia, ndugu wa tumbo moja na wote wawili waoga, walijifanya wanakaza nyuzi zilizokuwa zimekazwa tangu asubuhi.

Tumweleze kwanza huyu mama, maana mtu akisikia habari za mguu anaweza kudhani ana kichaa. Hana kichaa. Ana ulimi, na hilo ni jambo lingine.

Chumba chake cha kazi kilitosha meza ya kukatia, na baada ya meza ikabaki njia ya mtu mmoja asiye mnene. Ukutani majora ya vitambaa yalipanda mpaka darini. Karibu na mlango, penye mwanga, palikuwa na cherehani ya kukanyaga aliyoachiwa na shangazi yake. Alikuwa amemaliza darasa la saba, akafaulu, na hakukuwa na wa kumlipia mbele, basi shangazi akasema njoo kwangu. Somo la kwanza halikuwa la mkono. Shangazi alimkalisha kwenye cherehani isiyo na uzi akamwambia akanyage tu, asubuhi mpaka jioni, mpaka mguu ujue kwenda mbele bila kuulizwa. Cherehani ya kukanyaga ina ubishi wake. Ukiianza vibaya gurudumu linarudi nyuma, uzi unajisokota na kukatika, na ukivuta kitambaa kwa hasira sindano nayo inavunjika. Gurudumu likirudi nyuma, shangazi alikuwa na rula. Mguu ukaelewa. Tangu hapo gurudumu la Fundi halikuwahi kurudi nyuma, na hilo alilitaja kama wengine wanavyotaja chuo kikuu.

Mume alimpata. Akaenda kutafuta kazi, na mpaka leo bado anaitafuta.

Mtoto hakujaliwa, ila alimpata Kijiko. Dada yake alipoajiriwa upishi kwenye kambi ya wajenga barabara, huko ambako mtoto hapelekwi, alimleta akiwa bado anatambaa. Alilazwa chini ya meza ya kukatia, ndani ya kapu la vipande vya vitambaa. Cherehani ikienda, analala. Ikisimama, anaamka na kupiga kelele. Alipoweza kukaa alichukua kijiko akaanza kugonga kopo la vifungo, akienda sawa na mguu wa mama yake mdogo: ukienda unaenda, ukisimama kwenye kona ya kola na yeye anasimama, kijiko hewani, anangoja. Wateja walicheka. Hakuna aliyejua kwamba pale ndipo shule ya muziki ilipokuwa.

Akakua, akaanzisha bendi na wenzake, ya muziki wa roki. Magitaa yanalia, ngoma zinagombana, na katikati Redio anaimba kama mtu aliyebanwa na mlango. Hawakuwa na kampuni wala meneja. Wao ndio waimbaji, wao ndio wabeba spika. Albamu yao ya kwanza waliirekodi kwenye studio ya kulipia, wakabaki na viatu vya miguuni. Ilinunuliwa na mama zao. Fundi naye alipewa diski yake, akaitundika dirishani kwa uzi. Inang'aa vizuri, tusiseme uongo, na ndege hawakuingia tena.

Ya pili hawakuwa na pa kuirekodia. Ndipo Kijiko alipokuja, akasimama mlangoni, akapiga makofi ndani ya chumba cha cherehani, akasikiliza.

"Mama Mdogo, unasikia?"

"Nasikia nini? Umepiga makofi."

"Hakuna mwangwi. Majora yanameza sauti yote. Studio zinalipa watu waziwekee ukuta kama huu."

"Basi wanilipe na mimi."

Walipatana hivi: wapige ngoma zao humo wanavyotaka, ila kazi haisimami. Alikuwa na mashati ya shule ya kumaliza, na shule haijali sanaa. "Nyinyi mnakanyaga ngoma zenu, mimi nakanyaga cherehani yangu," akawaambia. "Atakayechoka atoke." Mwanzoni walikasirika, kila wakisikiliza walichorekodi wanakuta cherehani imo, taka-taka-taka, nyuma ya gitaa. Kisha Kijiko akasema iacheni. Akaanza kupiga juu yake, kama zamani na kopo la vifungo, na wenzake wakamfuata. Ilikuwa majira ya kola. Kola unakwenda moja kwa moja, unasimama, unainua kile chuma kinachobana kitambaa, unakigeuza, unaendelea. Na bendi nzima ikawa inakwenda na kusimama.

Albamu waliiweka mtandaoni wenyewe. Ikakaa kimya kama ya kwanza. Halafu wimbo mmoja ukachukuliwa na mtangazaji wa redio, kisha na vijana wenye simu zao, na kabla Fundi hajajua kinachoendelea, watu aliokuwa hawajui walikuwa wanapita dirishani wakichungulia. Katikati ya wimbo ule kuna mahali kila kitu kinasimama, cherehani, ngoma, gitaa, pumzi ya Redio. Kimya. Ukidhani redio imeharibika, wote wanaangukia ndani kwa pamoja. Inasemekana watu walilia hapo. Mtangazaji alieleza kwa sauti ya msibani kwamba ule si mtambo, ni mguu wa mama mshonaji halisi, akiwa kazini kwake, akigeuza kola.

Akaja mwandishi wa gazeti. Fundi alivaa gauni lake la kijani, akachana nywele. Mwandishi akamwomba avue kiatu. Mguu ukaoshwa, ukapakwa mafuta, ukapigwa picha ukiwa juu ya kanyagio. Uso haukupigwa hata mara moja.

"Umetoka vizuri," dada yake alimwambia kwenye simu kutoka kambini. "Vidole vimetulia."

"Unanicheka."

"Sikucheki. Hapa kambini nimewaonyesha wote, nikawaambia huyo ni ndugu yangu. Wakasema tunafanana."

Alijidai kuudhika, lakini ule ukurasa aliubandika ukutani. Mtu ukiambiwa na kila mtu kwamba kitu fulani ni chako, tena kizuri, unaanza kukitunza.

Basi shida ilianzia hapo hapo, tena ilianzia kwa jirani.

Jirani yake alikuwa Msusi, mama wa makamo kama yeye, ukuta mmoja, choo kimoja, na ugomvi mmoja. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa sindano. Zamani Msusi alizoea kuingia kwa Fundi akiwa hayupo, akajishonea nywele za bandia dakika moja akatoka, na hakuna aliyemkataza. Siku moja Fundi alirudi kutoka kununua vifungo akakuta sindano nzuri, ile nene ya vitambaa vizito, imetolewa kwenye kopo lake na kutiwa kwenye cherehani, na ncha iliyokatika ya ile ya awali iko chini ya kanyagio. Akavuka kwa jirani.

"Umenivunjia sindano."

"Mimi? Leo sijakanyaga kwako."

"Nani basi, panya?"

"Muulize panya."

Maneno yakapanda mpaka wateja wawili wakatoka na vichwa nusu vimesukwa. Mwishoni Msusi, ili yaishe, akasema haya, nitakununulia sindano yako. Hakuinunua. Fundi akaacha kumsalimia. Msusi, kwa kujibu, alinunua spika kubwa, na wimbo ule ulipovuma akawa anaupiga kutwa nzima, ukutani kabisa, akijua vizuri ni mguu wa nani.

Fundi wakati huo alikuwa amepata kazi ambayo hajawahi kuipata. Hospitali ilimpa magauni ya wauguzi wote. Matroni mwenyewe alikuja kupima kitambaa kwa vidole. Gauni la muuguzi si kola, ni mishono mirefu ya ubavuni, kutoka kwapani mpaka pindoni, mguu unakwenda tu bila kituo. Sasa yeye anakwenda, ukutani wimbo unakwenda, na wimbo ukifika pale mahali pa kimya, mguu wake unasimama. Hajausimamisha yeye. Mkono nao unainua kitambaa kukigeuza, kumbe hakuna kona. Akishtuka, mshono umeshapinda, umeruka, na una kinundu.

Matroni alirudi na gauni la kwanza, akalitandaza mezani, akapitisha kucha juu ya mshono.

"Fundi, hii nguo ina kwikwi."

"Nitaifumua."

"Na hizi nyingine zina kwikwi. Zote mahali pamoja. Wauguzi wangu wanatembea wodini kama wameshtuliwa."

"Nitazifumua zote, Matroni."

"Wiki ijayo nakuja. Nikikuta hivi tena, kitambaa nakipeleka kiwandani. Sitafurahi, ila nitakipeleka."

Si hospitali peke yake. Hospitali ikisema fundi fulani mshono wake una kwikwi, nani tena atamletea suti? Akafumua. Akashona upya. Akatia pamba masikioni, mguu ukausikia wimbo kupitia sakafuni. Akaamka kushona alfajiri kabla Msusi hajafungua, wimbo ukaanza wenyewe kichwani. Akajaribu mguu wa kushoto, lakini huo haukusoma. Akavuka kwa Msusi mara moja tu, akasema kwa mlango, bila kumtazama, "Punguza sauti." Msusi akajibu kwa mlango vilevile, "Si ni mguu wako huo? Jisikilize." Akampigia dada yake. Dada alicheka mpaka simu ikakatika, na haijulikani kama ni mtandao au ni yeye.

Jambo lililomvuruga zaidi ni hili: kama mguu ni wake, kwa nini unamsumbua? Mtu anajikwaa kwenye kivuli chake?

Ndipo akafunga chumba akaenda kwenye ukumbi, ukumbi mkubwa kabisa wa mji, ambako vijana walikuwa wanapima mitambo kwa ajili ya onyesho lao. Nje palikuwa na foleni tayari. Na kila aliyekuwa kwenye foleni, mnene kwa mwembamba, mwenye tai na mwenye suruali iliyotoboka kwa makusudi, alikuwa amevaa futi ya kupimia shingoni. Fundi alisimama akawatazama. Alidhani kwanza ni mkutano wa mafundi ambao hakualikwa.

"Samahani mwanangu," akamwuliza kijana mmoja, "umefuzu wapi ushonaji?"

"Sishoni, mama. Ni kwa sababu ya picha ya jalada la albamu, ile cherehani iliyovikwa futi."

"Sasa hiyo futi unapimia nini?"

Kijana akafikiri kwa dhati. "Hisia," akasema.

Fundi akaingia ndani akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka nyumbani. Na ndivyo alivyofika katikati ya jukwaa na gauni mkononi, akidai mguu.

"Tukuandike jina kubwa zaidi," Redio alikuwa anasema sasa. "Au upande jukwaani na sisi. Tukuwekee cherehani, taa moja tu, inakumulika..."

"Mguu?"

"Na uso pia, kama unataka."

"Binti, nina magauni ya hospitali yamejaa meza nzima, yote yana kwikwi. Angalia hapa. Pitisha kidole. Umesikia? Huo ni wimbo wenu. Umeingia kwenye kazi yangu kama siafu. Nikiwa nakwenda, unanisimamisha. Nataka mtu aniambie nitautoaje."

Hakuna aliyecheka. Kijiko akalichukua gauni, akapitisha kidole kwenye mshono, akafika kwenye kinundu, akarudi nyuma, akapita tena. Uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyeona sahihi yake mahali ambapo hakuitia.

"Ni pale pale," akasema taratibu. "Ni pale pale kabisa."

"Si ndiyo nawaambia!"

"Mama Mdogo, tukupigie ile sauti ya cherehani peke yake, bila sisi. Utuonyeshe mahali penyewe. Kama inabidi tupakate, tutapakata."

"Tupakate?" Redio akaruka. "Wimbo mzima ni hapo! Watu wamelipa kwa ajili ya hapo!"

"Redio."

"Haya. Nimenyamaza."

Fundi mitambo, aliyekuwa nyuma ya ukumbi na nyaya zake, aliinua kidole gumba. Spika za ukumbini zilikuwa ndefu kuliko mlango. Cherehani ikaanza kutoka humo, taka-taka-taka, kubwa kama treni, na mahali ambapo spika ya Msusi ilitoa vishindo tu, hapa kila kitu kilisikika: mkanda wa ngozi ukisugua, kanyagio likilia, uzi ukipita. Fundi alifumba macho. Mguu wa kulia ukaanza kutikisika wenyewe.

Mahali pakafika. Taka-taka, tak. Kisha mkwaruzo, kama kiti kinachoburutwa. Kisha pya! Na mwisho kabisa, kadogo, kama kijiko kilichoangukia sahani: ting.

Fundi akafumbua macho.

"Rudisha."

Wakarudisha. Mkwaruzo, pya, ting.

"Rudisha tena."

Aliposikiliza mara nyingine alishika kiuno. "Huyo ni nani?"

"Wewe, Mama Mdogo," akasema mmoja wa wapiga magitaa, na hayo ndiyo maneno pekee aliyosema siku hiyo.

"Mimi? Hilo gurudumu linarudi nyuma! Husikii linavyokwaruza? Halafu uzi umekatika, halafu mtu kavuta kitambaa kwa pupa na sindano imevunjika. Mimi hata nikilala siwezi kurudisha gurudumu nyuma. Nilichapwa nikaacha. Huyu hajui kushona. Huyu hajui hata kukaa!"

Kisha kila mtu akaona jambo ambalo hajawahi kuliona. Redio alikuwa amezimwa.

"Wewe," akasema Fundi.

"Ulikuwa umekwenda kununua vifungo," Redio akasema kwa sauti ndogo. "Ukachelewa. Tulibakiza wimbo mmoja na siku ilikuwa inaisha, na bila cherehani wimbo haukuwa wimbo. Mimi ndiye niliyekuwa sina chombo mkononi. Nikasema, kwani kuna nini, si kukanyaga tu?"

"Si kukanyaga tu!"

"Ndiyo, nimeona. Iliponigeuka wote tukashtuka tukaacha. Halafu Kijiko akaingia tena, sijui kwa nini, na sisi tukamfuata. Tulikuwa tuurudie, tukakusikia unaongea na mtu nje. Nikachukua sindano kwenye kopo, nikaweka, nikakimbilia kwenye kipaza sauti."

Fundi akamgeukia Kijiko. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Umeniacha naosha mguu kwa ajili ya picha."

"Mtangazaji ndiye aliyesema ni wewe, Mama Mdogo. Siku ile nikaja nikueleze, nikakuta ukurasa umeshaubandika. Ulikuwa umefurahi." Akajikuna kisogo. "Na mimi niliingia tena kwa sababu nilidhani ni kona. Ikisimama nangoja, halafu naingia. Sijui kupiga namna nyingine."

Hapo Fundi akakaa, kwenye kiti cha mpiga ngoma, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Alikuja kudai mguu wake, na sasa anaambiwa haukuwahi kuchukuliwa. Mguu uliokuwa ukisikika ukutani kwa jirani, uliomwingia mpaka akavuruga kazi ya hospitali, ni wa mtu asiyejua kushona. Yeye, mwanafunzi wa shangazi, alikuwa kutwa kucha anamwiga mjinga. Hakujua kama acheke au apige mtu.

"Basi njoo nikufundishe," akamwambia Redio hatimaye. "Siwezi kuvumilia. Kesho uje asubuhi, tuanze bila uzi."

"Usimfundishe!" Kijiko akapiga kelele. "Mama Mdogo, nakuomba! Akijua tu, tutakufa njaa. Mwaka mzima tumejaribu kuirudia ile na mtu anayejua, haitoki."

"Kwa hiyo watu wote wale nje wanalia kwa sababu ya gurudumu lililorudi nyuma?"

"Ndiyo."

"Na sindano iliyovunjika?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Walitazamana. Waliokuwa maarufu ni wao, na wao wenyewe hawakujua.

"Tuwaambie leo kwamba si wewe?" Kijiko akauliza. "Ukitaka, tutawaambia jukwaani."

Fundi alilichukua gauni lake, akalikunja. "Mimi nilitaka mguu wangu, na nimeambiwa ninao. Hayo mengine ni yenu. Ila mkitangaza, mwambieni na yule mwandishi aje apige picha uso."

Mlangoni, foleni ilikuwa imefika barabarani. Mwanamke mmoja alimtazama, kisha akatazama chini, kwenye kandambili.

"Ndiyo wenyewe!" akamwambia mwenzake. "Mguu wa kwenye gazeti!"

"Si wangu," akasema Fundi.

"Jamani, anavyojishusha!"

"Nakwambia si wangu! Mimi wangu unakwenda mbele!"

"Umesikia?" mwanamke akasema, macho yamemjaa machozi. "Unakwenda mbele." Na watu wawili wakaandika.

Alirudi kazini jua bado liko juu. Akakaa, akaweka gauni, na ukutani Msusi alikuwa anaupiga wimbo uleule, kama kawaida. Fundi akaanza. Wimbo ukafika karibu na mahali pake, mguu ukatetemeka, akajisemea kwa sauti, "Huyo ni Redio, hajui," na mahali pakapita. Akaendelea hadi pindoni. Akageuza nguo akapitisha kucha. Laini. Akashona ubavu wa pili bila kusema kitu, na huo nao ukapita, ingawa katikati vidole vya mguu vilijikunja kidogo, kana kwamba vinamtazama mtu aliyevidanganya. Mguu unaponaje kwa habari? Hakuelewa, na hakutaka kuugusa sana asije akauharibu. Matroni atakuja, atakuta nguo zinatembea bila kushtuka.

Alishona mpaka gauni likaisha. Ndipo likamjia lile jambo jingine. Kama sindano aliivunja Redio, basi wakati wote ule, salamu zile zote alizozinyima...

Alisimama mlangoni kwa Msusi. Msusi alikuwa peke yake, anafagia nywele. Alipomwona, alidhani amekuja kwa ugomvi wa sauti, akaipunguza kabla hajaambiwa.

"Nimeipunguza," akasema.

"Sikuja kwa hilo."

"Basi ni lile." Msusi akaegemeza ufagio, akavuta droo, akatoa karatasi ndogo iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na sindano ya cherehani, nene, mpya. "Nilikuwa mjini, nikaona duka la vifaa, nikasema haya, liishe. Chukua."

Fundi aliitazama sindano.

"Haikuwa wewe," akasema.

"Najua haikuwa mimi. Nilikwambia siku ileile."

"Sasa mbona unalipa?"

"Nimechoka kukutana na wewe chooni hunisalimii. Inachosha, jirani. Mtu unatoka chooni kama mwizi."

Fundi akairudisha karatasi kwa kidole. "Weka. Hunidai, sikudai. Mimi ndiye..." Akakohoa. "Ni mimi."

"Niiweke nifanye nini nayo? Mimi nina cherehani?"

"Hata hivyo."

"Chukua bwana, nimeshainunua."

Akaichukua, akaichomeka kwenye kola ya gauni lake kama mafundi wafanyavyo, akavuta kile kiti cha wateja chenye mto uliopasuka, akakaa.

"Umekula?" Msusi akauliza.

"Bado."

"Sasa nani aliyeivunja?"

"Mtu maarufu sana," akasema Fundi. "Hata wewe ukimwona utamwomba picha."